Utangulizi: Kifo Katika Ushairi wa Euphrase Kezilahabi

Mtu wa Sengerema akitaka kujua washairi wa Kiswahili wamesema nini juu ya kifo, kwa kawaida hupelekwa pwani. Ataanzishiwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo majumba ya fahari ya Pate yamebaki magofu na wenyewe wako kaburini. Atapewa Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858 akiwa mgonjwa kitandani. Kisha atakutana na Shaaban Robert akimlilia mkewe Amina. Ni njia nzuri, na anayeipita hatajuta. Ila kwa mtu wa Kanda ya Ziwa ipo nyingine, nayo haihitaji safari ya Lamu. Inaanzia kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi tarehe 13 Aprili 1944. Inapita seminari ya Nyegezi alikosomea, kando ya ghuba ya Mwanza, mahali ambapo ukitazama ng'ambo ya maji unaiona nchi ya Sengerema.

Utangulizi huu umeandikwa kwa msomaji wa ng'ambo hiyo. Nimemfikiria mwanafunzi wa kidato cha tano, mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa Buchosa, muuguzi anayesoma vitabu zamu ya usiku ikipoa. Hadai kuwa mtaalamu, lakini misiba anaijua. Kwa somo hili, huo ni mtaji mkubwa kuliko anavyodhani.

Nianze na mwandishi mwenyewe, kwa ufupi. Kezilahabi alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatoka na kuzua kelele hata ikazuiwa shuleni. Mwaka 1974 alitoa vitabu viwili: riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Baadaye ikaja diwani ya Karibu Ndani, mwaka 1988, na ya mwisho, Dhifa, mwaka 2008. Shahada yake ya uzamivu aliipata Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Miaka yake ya mwisho alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana, na alifariki tarehe 9 Januari 2020. Diwani tatu katika miaka zaidi ya thelathini si nyingi. Unaweza kuzisoma zote wakati wa likizo moja, na hilo ni jambo la kumshukuru.

Sasa kifo. Ukifungua vitabu vya Kezilahabi, hata kabla ya mashairi, unakutana nacho kila kona. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya mwaka 1975, anaua na kuhukumiwa kifo. Katika Nagona na Mzingile, riwaya zake za mwisho ambazo wahakiki wengi husema ni ushairi uliovaa nguo za nathari, mpaka kati ya walio hai na waliokufa umefifia hata msomaji anaacha kuutafuta. Kwa hiyo mwanafunzi anayeulizwa dhamira za mwandishi huyu huandika haraka: kifo, kukata tamaa, ukengeushi. Kisha anaongeza sentensi ile ya kila karatasi ya mtihani, kwamba mwandishi anatuonyesha kuwa kifo hakiepukiki. Alama anapata. Lakini kwamba kifo hakiepukiki alikuwa anajua kabla ya kufungua kitabu. Kezilahabi hakuhitaji kuchapisha diwani ili kumwambia hivyo.

La kuuliza ni jingine: kifo kinafanya kazi gani ndani ya shairi? Hapo ndipo uwanja huu unapoanza kuwa na ladha.

Katika sehemu kubwa ya ushairi wa pwani, kifo ni hoja ya mwaidhi. Mshairi anakuonyesha kaburi ili urekebishe maisha yako. Utukufu umepita, basi usijivune. Safari ipo mbele, basi tengeneza masurufu. Sisemi kwamba hayo ni mashairi dhaifu. Al-Inkishafi ina uzuri ambao diwani nyingi za leo hazijaukaribia. Nasema tu kwamba pale kifo kinajua kinachotaka kusema, na msikilizaji anajua pa kukiweka. Mwana Kupona, pamoja na maumivu yake, anazungumza na bintiye kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Hata Shaaban Robert, anayelia kwa sauti ya mume aliyebaki peke yake, anamkabidhi Amina kwa Mola kwa dua, na kilio kinapata pa kutua.

Kezilahabi alimsoma Shaaban Robert kwa kina. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za mwandishi huyo. Kwa hiyo alipoiacha njia hiyo, aliiacha akiijua. Katika mashairi yake kifo hakileti mawaidha. Kinaleta swali, na mara nyingi shairi linakwisha swali likiwa bado limesimama. Mfano ulio maarufu ni "Kisu Mkononi" katika Kichomi. Kichwa chenyewe kinatosha kukueleza mtu yuko ukingoni kiasi gani. Msemaji anaiona miaka yake ikimponyoka, naye kama gurudumu kwenye mteremko hana breki wala njia ya kurudi. Shairi halimlaumu, wala halimpi sala ya kumtuliza. Halimsifu pia, na hilo ni la kuangaliwa sana na walimu: mahali alipofika mtu yule ni pa kutisha, na shairi limeandikwa ili patishe. Mwalimu akilifundisha, asilifundishe kwa haraka, na amtazame usoni kila aliyekaa mbele yake.

Tofauti hii na washairi wa kabla yake haiko kwenye mawazo tu. Iko kwenye umbo, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana bila jambo hili hatamwelewa Kezilahabi kamwe. Chukua shairi la tarbia. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Sikio likishazoea beti mbili, linajua pumzi itaishia wapi. Linajua kituo kinakuja. Mshairi akiliweka neno la msiba ndani ya mpangilio huo, neno linapokewa na vina vinavyolingoja, kama jeneza linavyopokewa mabegani na watu waliokwisha kujipanga njiani. Faraja imo ndani ya umbo lenyewe, hata kama maneno ni ya uchungu. Ndiyo maana mashairi ya arudhi husomwa vizuri sana misibani. Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na wote waliomfuata hawakuwa wakitetea hesabu tu. Walikuwa wakitetea mpangilio ambao jamii ilikuwa imezoea kuuegemea.

Kezilahabi akaondoa mpangilio huo. Aliandika mashairi huru, na hoja yake ilikuwa kwamba ushairi wa Kiswahili usogee karibu na lugha watu wanayoizungumza kila siku. Matokeo yake kwa mada yetu ni makubwa. Mshororo wake unaweza kuwa na maneno saba, unaofuata neno moja. Pumzi inakatika pasipotazamiwa. Kifo kinaweza kuingia katikati ya sentensi, bila kubisha hodi, na hakuna kina cha kukipokea. Soma kwa sauti utaona: mdomo unasubiri neno, na neno haliji. Mhakiki Mwitaliano Roberto Gaudioso ameandika kirefu juu ya nafasi ya sauti na mwili katika ushairi huu, na kwa maoni yangu hapo amegusa penyewe. Shairi la Kezilahabi juu ya kifo linasomwa kwa kifua kabla halijasomwa kwa akili.

Ugomvi wa mashairi huru na mashairi ya arudhi ulichukua miaka mingi na wino mwingi, sitaurudia hapa. Nitasema tu kwamba wapinzani wa Kezilahabi walikuwa na hoja moja ambayo wafuasi wake hawajaijibu vizuri: mashairi yake hayakaririki kwa urahisi. Sijapata kusikia mtu akisimama msibani na kughani Kichomi. Ni mashairi ya mtu aliyerudi nyumbani baada ya maziko, amefunga mlango.

Wengi hueleza kifo katika kazi za Kezilahabi kwa kutaja Albert Camus, Nietzsche na wanafalsafa wa Ulaya walioandika juu ya mtu aliyetupwa duniani bila maelezo. Hawakosei kabisa. Kezilahabi aliwasoma, na Kazimoto wa Kichwamaji ana ndugu zake katika riwaya za Kifaransa. Lakini maelezo hayo yakiachwa peke yake yanamfanya kuwa Mzungu aliyeandika Kiswahili, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipinga. Tasnifu yake ya Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi; moja ya mambo aliyopigania humo ni kwamba kazi za Kiafrika zisisomwe kwa miwani ya kuazima. Tumtendee haki hiyo. Mtu huyu alilelewa kisiwani, akasomeshwa na kanisa. Jina la Rosa Mistika limetoka katika litania ya Bikira Maria, ambayo Mkatoliki yeyote wa Sengerema ameisikia katika rozari za msibani. Na nyuma ya kanisa kulikuwa na Ukerewe yenyewe.

Hapa ndipo msomaji wa Sengerema anapokuwa na faida ya kwake. Uzinza na Ukerewe ni majirani wa damu, na lugha zao ni ndugu. Sengerema ya leo ina Wazinza, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na wengine, na msiba wake ni wa wote hao. Tuutazame kwa karibu. Turubai limefungwa toka jana. Wanaume wako nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka na mfiwa. Mezani kuna daftari la rambirambi, jina na kiasi, jina na kiasi. Siku ya maziko mtu anasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, alisoma hapa na pale, alifanya kazi hii, ameacha mjane na watoto. Halafu inakuja sentensi ambayo sote tunaijua, kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watu wanainamisha vichwa. Kila mmoja pale anajua ugonjwa ulikuwa nini, au nani alimfukuza marehemu nyumbani, au deni lilikuwa la nani. Karatasi haisemi, na haitakiwi kusema. Wasifu ni adabu.

Kezilahabi aliandika kile ambacho karatasi ile inakipitia juu kwa juu. Katika riwaya zake ugonjwa unatajwa, aibu inatajwa, baba mkali anatajwa kwa ukali wake. Katika mashairi marehemu hapambwi. Wengi walimwona mkosefu wa heshima kwa sababu hiyo, lakini tazama tena turubai lile. Karatasi ikishasomwa, anatokea mtani. Amevaa kofia ya marehemu, amejaza tumbo kwa mto, anaiga mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa. Anasema wazi kwamba marehemu alikuwa bahili. Anazuia jeneza lisipite hadi alipwe. Mjane aliyelia tangu alfajiri anacheka, analia, anacheka tena. Hakuna anayemwita mtani mkosefu wa adabu, kwa kuwa kazi yake ni kusema ambayo wasifu hausemi.

Maoni yangu, na ndiyo ninayotaka msomaji aende nayo kwenye diwani, ni kwamba sauti ya Kezilahabi juu ya kifo ina undugu zaidi na ya mtani kuliko ya mwanafalsafa wa Paris. Mzaha wake mkavu, namna anavyoweza kusimulia jambo la kuhuzunisha kwa uso usiobadilika, tabia yake ya kumnyima msomaji faraja ya haraka, vyote hivyo vina mizizi huku. Tofauti ni kwamba mtani wa msibani ana jamii nzima ya kumzunguka, inamlipa na kumlisha, na kesho yake maisha yanaendelea. Msemaji wa Kichomi amefanya utani huohuo akiwa peke yake, bila wa kumlipa. Upweke ule ndio mpya, na unaeleweka: ni upweke wa kijana aliyetoka kijijini, akapita seminari, akafika chuo kikuu, na kila hatua ikampunguzia watu wa kuzungumza nao.

Lipo shairi la mgomba katika Kichomi. Mgomba umekatwa, umelala chini, kazi yake imekwisha. Msomaji wa mjini huona picha ya mzee aliyetupwa au ya mtawala aliyeanguka, na zote mbili zinawezekana. Lakini aliyekulia kwenye migomba atauliza jambo lisilomjia msomaji wa mjini: watoto wake wako wapi? Mgomba haukatwi pasipo kuacha machipukizi shinani. Unazaa mkungu mmoja, unakatwa, na mwingine ulikwisha kuchukua nafasi. Shairi lililoonekana la mwisho wa mambo linafunguka, na ukimya wake juu ya machipukizi nao unakuwa na maana. Je, mshairi ameyasahau? Mtoto wa Namagondo hasahau kitu cha namna hiyo. Basi ameyanyamazia kwa makusudi, na msomaji anapaswa kujiuliza kwa nini. Sitamjibia.

Kisha kuna maji. Sisi wa kandokando ya Nyanza tunajua aina ya kifo ambayo bara haiijui sana, kifo kisicho na mwili wa kuzika. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia bandari ya Mwanza, na mamia walikufa. Wengi wamelazwa Igoma, na wengine maji hayakuwarudisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wilayani Ukerewe, nyumbani kwa mshairi, na kuua watu zaidi ya 220. Kichomi ilikuwa imechapishwa miaka 22 kabla ya ajali ile ya kwanza. Hata hivyo, mtu aliyepoteza ndugu mwaka 1996 hawezi kuisoma kama ilivyosomwa 1974. Mishororo inayokatika kabla ya kufika inamkumbusha jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Wapo wahakiki wanaoona kusoma hivyo ni kumwekea mwandishi maneno mdomoni. Sikubaliani nao. Shairi likishachapishwa linaishi pamoja na wanaolisoma na kupata maana kwa yanayowapata. Kinachokatazwa ni kudai kwamba mwandishi alitabiri.

Sijasema mengi juu ya Karibu Ndani na Dhifa, na ni kwa sababu kifo humo kimebadilika sura. Katika Kichomi anayekufa ni mtu mmoja, tena mara nyingi ni "mimi". Katika diwani zilizofuata kinachokufa ni ahadi: ujamaa, uongozi, matumaini ya kizazi kilichopigiwa ngoma ya uhuru kikiwa shuleni. Kejeli inazidi, maombolezo yanapungua. Wapo wanaozipenda diwani hizo kuliko ya kwanza. Mimi naona Karibu Ndani ndiyo iliyokomaa zaidi kifikra, lakini kwa mada hii Kichomi haijapitwa.

Kwa anayeanza, basi, ushauri wangu ni huu. Asianze na vitabu vya uhakiki, hata vilivyo vizuri, na asianze na utangulizi mwingine zaidi ya huu. Asome Kichomi yote kwa sauti, hata asipoielewa. Kisha Kichwamaji, kwa kuwa ni ya mwaka uleule na inamweka mtu yule mwenye kisu ndani ya familia na kijiji. Baada ya hapo arudi kwenye Al-Inkishafi na Mwana Kupona, ili asije akadhani mapya yote ni bora. Akitaka kuona jirani mwingine wa Kezilahabi aliyeandika kwa njia tofauti kabisa, amsome Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyeandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaumaliza mswada mwaka 1945, nayo haikutoka katika kitabu cha Kiswahili hadi mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata.

Nina ombi moja kwa wanafunzi na walimu wa Sengerema na Buchosa. Undugu wa sauti niliousema kati ya mshairi huyu na mtani wa msibani hautathibitishwa na watu wa Dar es Salaam wala wa Ulaya. Utathibitishwa na atakayeweka maandishi ya Kezilahabi kando ya maombolezo ya Kizinza, Kikerewe na Kisukuma na kuyalinganisha neno kwa neno. Mashairi yako madukani na maktaba. Maombolezo yako kwa bibi zenu, Kome, Maisome, Nyehunge na kwingineko. Simu zenu zinarekodi sauti. Ombeni ruhusa, msirekodi siku ya msiba wenyewe, andikeni kwanza kwa lugha yao kama Kitereza alivyofanya, na tafsiri ifuate baadaye.